Barabara Uliyoiita Malaba

Baba,

Barua zote ulizotuandikisha tukiwa wadogo zilianza na "natumai u mzima wa afya." Safari hii siwezi kuandika hivyo, maana nilikuwepo tulipokuteremsha, na udongo nilitupia kwa mkono wangu. Basi nianze na sisi. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, ila anapika kama vile bado kuna matanga, halafu chakula kikibaki anakasirika. Mdogo wangu Emase amerudi kazini kwake Bumala. Mahindi ya shamba la chini yamefika kiunoni, na yule jirani yako bado hafungi mbuzi wake, kwa hiyo vile vita vyako naviendeleza mimi.

Huu ni mwezi wa tatu. Nimekuja pale kaburini mara mbili nikitaka kukuambia jambo, na mara zote mbili Mama akatokea na kikombe cha chai, nikanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia. Nilikukosea, Baba, na ulikufa hujui.

Ni mambo ya gemu. Najua ungecheka. Mtu mzima analia kwa ajili ya gemu ya simu. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana kusikiliza mpaka mwisho ndiko ulikokuwa unanishinda.

Unakumbuka siku niliyokuwekea? Mvua ilikuwa imeharibu kila kitu, foleni ya malori imetoka mpakani imepita Amagoro, na wewe ulikuwa siku ya tatu hujasogea hata kilomita mbili. Mama alinituma na chakula. Nikatoka ofisini saa ya lunch, nikapanda boda, nikakukuta ndani ya kabini umevua viatu, unasoma gazeti la wiki iliyopita kwa mara ya nne. Nikakuonea huruma. Nikachukua simu yako nikakuwekea ile gemu ya malori. Nilidhani nakutania tu: dereva wa lori apumzike kwa kuendesha lori lingine! Wewe ukaishika simu kwa mikono miwili kama usukani, ukauliza, "Hii breki yake iko wapi?" Hukuniangalia tena. Hata kwaheri hukusema.

Barabara zilizokuja na gemu ulizimaliza kwa wiki mbili. Ndipo nikakuonyesha zile ambazo wachezaji hujitengenezea wenyewe na kuwawekea wengine wacheze. Sisi vijana tunaziita leveli. Wewe ukalikataa jina hilo. Ukasema kama lori linapita juu yake, basi ni barabara.

Na kulikuwa na barabara, Baba! Maelfu. Nyingi zilikuwa takataka, tusidanganyane. Kuna ile iliyonyooka tu, haina kona wala kilima, mtu ameitengeneza ili akusanye pointi akiwa amelala. Kuna ile ambayo mwenyewe alirundika mapipa mpaka simu ikapata moto mkononi. Kuna nyingine unaanza tu, hujakanyaga hata mafuta, daraja linakuangukia. Halafu katikati ya takataka hizo, bila kutangazwa, unakutana na moja iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, sijui wa nchi gani, ameweka mvua nyepesi na duka dogo kando ya njia lenye taa moja. Kwenye ile ulisimamisha lori ukakaa. Nilikuuliza kwa nini huendi. Ukasema, "Ngoja. Huyu mtu amewahi kuendesha."

Tulitofautiana hapo. Mimi nilizipa dakika moja. Dakika moja ikipita sijafurahi, napiga kidole gumba chini, natoka, naingia nyingine. Nilikuwa na sifa yangu pale, watu wanaangalia kura za Akiru kabla hawajapoteza muda wao. Wewe ulimaliza zote. Hata ya mapipa uliimaliza, umeifunika simu kwa kitambaa ili isikuchome. Nikikucheka unasema, "Mtu ameketi akaijenga. Fika mwisho kwanza, halafu umtukane." Miaka thelathini umeendesha kwenye barabara mbovu, labda ndiyo maana. Mimi kazi yangu ni kuingiza karatasi za mizigo kwenye kompyuta, na anayechelewa anatukanwa kabla hajafika.

Halafu ukaanza kujenga za kwako. Uliacha tisa, nimezihesabu. Jina ulilojiandikisha nalo ni Baba Akiru. Emase bado amekasirikia hilo.

Wacha nikuambie ukweli ambao sikukuambia ukiwa hai. Nyingi ni mbovu. Ya kwanza ina daraja ambalo halifiki ng'ambo ya pili. Lazima uruke, na lori lenye trela haliruki. Ile ya kwenda Kisumu ina kona saba zinazofanana, uliinakili moja ukaibandika tu. Ile ya Marachi ni nzuri, mashimo yake umeyaweka mahali pale pale yalipo, nikipita kule sasa nayakwepa ya kwenye gemu. Na ile yenye ng'ombe juu ya paa la duka! Nilikuuliza amefikaje huko, ukasema ulibonyeza vibaya. Nikataka kumshusha. Ukanipiga mkono, ukasema, "Mwache, amepanda mwenyewe." Nilicheka siku nzima ofisini, watu wakadhani nimepata mchumba.

Ya sita ndiyo uliyoiita Malaba, kwa jina la mpaka wetu.

Ulinipigia ukaniambia umemaliza kitu cha maana, nijaribu. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyenunua ng'ombe. Nikaifungua nikiwa ofisini, nina faili mkononi. Naanza juu kwenye kilima, mahindi huku na huku, vizuri. Nashuka. Nakutana na foleni. Malori, malori, malori, na mbele kabisa kuna geti limefungwa. Nikasimama nyuma ya la mwisho. Nikangoja. Mshale wa mafuta ukaanza kushuka. Nikapiga honi, hakuna kitu. Nikajaribu kupita kando, nikazama matopeni. Nikaanza upya. Foleni ilisogea kidogo, mafuta yakaisha. Nikaanza tena mara ya tatu, mafuta yakaisha mahali pale pale. Nikasema, mzee amekosea hesabu. Ameweka mafuta kidogo. Hii haiwezekani kabisa.

Nikapiga kidole gumba chini. Halafu nikakupigia simu nikakuambia, "Baba, ni nzuri sana. Umetisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkono mmoja ulikuangusha na mdomo ukakusifu. Ningekuambia tu "Baba, mafuta hayatoshi," ungenijibu, na leo nisingekuwa naandika barua hii. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuona kama mtoto aliyechora nyumba, unamwambia ni nzuri ukiwa unaangalia kwingine.

Wewe hukujua jinsi ile gemu inavyofanya kazi. Barabara ikipata kura mbaya nyingi kuliko nzuri, inafichwa. Haionekani kwenye orodha tena, mpaka mtu awe na namba yake. Na Malaba yako ilikuwa na kura chache, nzuri na mbaya zimelingana. Yangu ndiyo iliyoizamisha.

Siku mbili baadaye ukapiga. "Akiru, barabara yangu imepotea. Naitafuta siioni. Hebu angalia na wewe."

Nikasema labda ni mtandao.

Mtandao, Baba! Kila siku nawaambia madereva hivyo ofisini tukiwa tumechelewesha karatasi zao wenyewe. Na wewe ambaye umeambiwa hivyo kwenye madirisha ya mipaka yote ukasema, "Sawa, utarudi." Kisha ukaendelea kuangalia. Mama ananiambia uliangalia kila asubuhi ukinywa chai. Ulijenga nyingine tatu baada ya hapo, lakini hukunipigia tena kuniambia umemaliza kitu cha maana. Halafu presha ikakushika, wiki mbili, na ukaenda.

Nimeishi na hilo tangu matanga. Watu wananipa pole, nami ndani najiambia, wangejua.

Sasa nikuambie yaliyotokea. Deo amekuja. Deo wa Jinja, rafiki yako wa foleni, yule mliyekuwa mnapika pamoja kando ya matrela. Hakufika mazishini kwa sababu alikuwa njiani kwenda Juba, na habari ilimpata huko. Aliegesha barabarani akatembea mpaka nyumbani, ana sukari na sabuni na kanga ya Mama. Alisimama kaburini muda mrefu, kofia mkononi. Alipokuja kuketi barazani hakusema pole kwanza. Alisema, "Simu ya mzee iko wapi? Alinisumbua nicheze barabara yake, mimi nasema nitacheza, nitacheza. Leta nicheze."

Nikamletea simu yako, nikatafuta Malaba kwenye zile ulizohifadhi, si kwenye orodha ya wote uliyokuwa ukiiangalia wewe, nikamwekea. Sikumwambia kitu. Nilikaa pembeni nikingoja afike pale mafuta yanapoisha, nione aibu yangu kwa macho.

Akashuka kilima polepole. Akakuta foleni. Akasimama nyuma ya lori la mwisho, akabonyeza ufunguo, akazima injini. Kisha akaweka simu juu ya goti akaanza kunisimulia habari za Juba.

Nikamuuliza, "Mbona umezima?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevua viatu kabla ya kulala. "Sasa nyabo, niwashe engine ya nini na gari ya mbele haijasonga? Nimalize mafuta ya boss?"

Lori la mbele likasogea. Akawasha, akasogea, akazima. Akaendelea na hadithi yake. Hakuangalia hata mshale. Akawasha, akasogea, akazima. Kuna mahali lori moja linatokea kando likitaka kuchomekea, na Deo akacheka mpaka akakohoa. "Banange! Mpaka huyu mwizi wa foleni mzee amemuweka!" Geti likafunguka, akapita, na mafuta yalikuwa yamebaki.

Nilienda nyuma ya jikoni nikalia, Baba. Nililia kuliko siku ya mazishi. Miaka sita ninafanya kazi mpakani, dirisha langu linaangalia foleni ile, kila siku naiona, na sijui kwamba watu walio ndani yake wamezima. Hukukosea hesabu. Mafuta uliyapima yatoshe dereva, na mimi si dereva. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba uliniambia. Maisha yangu yote uliniambia. Kila uliponipigia kutoka safarini, tangu nikiwa darasa la pili, ulianza kwa maneno hayo hayo: "Nimezima. Sasa niambie ya nyumbani." Nilidhani ni namna yako ya kusema hujambo. Kumbe ulikuwa unaniambia uko wapi na unafanya nini, na kwamba muda huo wa kungoja ulikuwa umenipa mimi.

Kesho yake nikaicheza mwenyewe, saa ya lunch, pale pale mezani kwangu. Nilizima. Unajua kuna sauti? Injini ikinyamaza mtu anasikia ndege, na mahali fulani kuna redio inaimba kwa mbali, na mtu anakoroga sufuria. Sijui uliitoa wapi sauti ya sufuria. Nilingoja. Mimi, Akiru, nilingoja. Chakula changu kilipoa. Ilichukua karibu saa nzima, bosi akapita akaniona nimekaa tu naangalia simu isiyotikisika, akaniuliza kama naumwa. Nikapita geti.

Na baada ya geti, Baba, sitakuficha, umeharibu. Barabara inakatika ghafla. Bendera ya mwisho inaning'inia hewani, haijashika ardhi, na kuna mti umeota katikati ya lami. Nadhani ulichoka, au karatasi zako zilikuwa tayari wakakuita usogee. Mwisho wako ni mbovu. Lakini ile foleni hakuna mtu aliyejenga kitu kama kile, nami nimecheza nyingi.

Deo alichukua namba ya barabara akawapelekea wenzake. Sasa madereva wanaicheza wakiwa foleni, foleni ndani ya foleni. Juzi mmoja wa Mombasa alikuja dirishani na karatasi zake, akasema, "Dada, hiyo ya mzee wako imenibamba, tamu kweli. Lakini mwambie atoe huo mti." Hakuwa anajua. Nikamwambia nitamwambia. Basi nimekuambia.

Emase anataka nizirekebishe zote. Anasema, "Dada, password unayo, na wewe ndiye fundi. Toa mti, shusha bendera, unganisha daraja, mzee aonekane mtu." Jumapili nilifungua nikaanza kweli. Niliushika ule mti kwa kidole, ukainuka. Nikaurudisha. Nikiung'oa, atakayefuata atakuwa anapita kwenye barabara yangu. Ya kwangu inajulikana ilivyo, imenyooka na ina haraka.

Limebaki moja. Kura yangu bado iko chini. Gemu inaruhusu mtu kubadilisha kura, lakini lazima aandike sababu, na sababu inakaa pale chini ya barabara pamoja na jina lake, haifutiki. Nimekuwa nikiogopa. Madereva wote wanaoicheza sasa watasoma kwamba aliyemzamisha mzee ni binti yake, yule wa dirishani, ambaye hata jina lake mzee alijiita. Deo atasoma. Emase atasoma, na Emase atamsomea Mama. Nilitaka wewe ulisikie kwanza kutoka kwangu.

Nisamehe, Baba. Sikusema uongo kwa ubaya, nilisema kwa uvivu, na uvivu ndio uliokuumiza. Zile tatu za mwisho ulizojenga bila kuniambia sijazifungua. Nitazicheza moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, hata kama ni mbovu kuliko ya daraja, na kila moja nikiimaliza nitakuja nikuambie nilivyoiona. Mama akija na chai, nitakunywa na nitaendelea kusema.

Pumzika, Papa. Eyalama, asante kwa kila kilomita. Ni saa saba mchana, ofisi imejaa watu, na simu iko mbele yangu. Haya ndiyo ninayoandika sasa hivi, chini ya barabara yako, kila mtu ayaone:

"Kura mbaya ya zamani ilikuwa yangu. Nilitoka kabla ya geti nikamwambia aliyejenga kwamba ni nzuri. Alikuwa baba yangu. Sasa nimefika. Ukikuta foleni, zima injini."

Mwanao,
Akiru